Kipimo cha Shabu

Air Gelam, Bangka
20 Julai 1997

Kwa Mjomba Rozali,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na uniwie radhi kwa karatasi hii. Nimeichana kwenye daftari la kidato cha kwanza kwa sababu dukani karatasi za barua zimekwisha. Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua ila hakubali, anasema ni godoro. Baba anahangaika na mipilipili manga yake, majani yamejikunja yote kwa ukame. Mume wangu Sahril bado yuko kwenye ile meli ya kuchimbia bati baharini, wiki mbili huko, wiki moja hapa, na hiyo moja analala tu. Misda ametimiza miezi saba, ana meno mawili na hasira za ukoo wenu. Bibi naye amebakiwa na meno matatu, na yote ameyaweka wakfu kwa tambuu. Ukimwambia apunguze anakuuliza, "Nipunguze nibaki na nini?"

Nimehamishiwa shule yetu ya hapa. Chumba cha maabara ni kile kile chako, na kwenye kabati bado kuna vikaratasi ulivyoandika kwa mkono wako: "Asidi, usiguse." "Shabu." "Atakayevunja bomba asikimbie." Nimeviacha. Wanafunzi wananiuliza huyo mwenye mwandiko mzuri ni nani, nami nawaambia ndiye aliyenifundisha mimi kusoma.

Sasa jambo lenyewe. Siku ya Maulidi tulibeba masinia msikitini kama kawaida, kila nyumba na sinia lake na kawa lake jekundu. Kabla makawa hayajafunuliwa, Mzee Mustar, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa kijiji, akasimama.

"Jamani, visima vinakauka, sina haja ya kuzunguka," akasema. "Mwaka wa themanini na mbili ilikuwa hivi hivi, mwalimu Rozali akatusafishia maji ya shimo tukanywa. Leo Mungu katuletea mpwa wake, na somo ni lile lile. Mwalimu Naini, unasemaje?"

Watu wote waligeuka wakanitazama. Nikasema ndiyo, ningesema nini? Hapo Bibi akainuka, akaliacha sinia lake na kawa juu yake, akaenda zake. Sijawahi kuona mtu akiliacha sinia lake msikitini. Nilipomuuliza nyumbani alisema miguu ilikufa ganzi.

Shimo lenyewe ni lile la nyuma ya shule, walimochimba bati wakati wa babu. Maji yake ni meupe mpaka unaona mawe ya chini. Hakuna majani, hakuna hata chura, ndiyo maana watu wanayaamini. Mzee Mustar anataka mapipa ya maji hayo yafunguliwe Ijumaa ya tarehe 17 Oktoba, baada ya swala. Vitabu vyangu vya chuo vinazungumzia maji ya mto, havizungumzii mashimo. Nakuomba kitu kimoja tu: kipimo cha shabu ulichotumia kuyasafishia. Kijiko kimoja kwa pipa? Viwili?

Mama anakusalimu. Anauliza pia utakuja lini, kama anavyouliza kila mwaka, nami nakuandikia kama ninavyoandika kila mwaka.

Mpwa wako,
Naini


Kuala Rambai, Sumatra
31 Agosti 1997

Mpwa wangu Naini,

Sitakudanganya, barua yako ilifika zamani. Kila nikikaa kuijibu napata kazi nyingine ya kufanya. Mimi mzima, kwa kadiri mtu wa miaka arobaini na saba mwenye magoti ya mzee wa sabini anavyoweza kuwa mzima. Togar, yule ninayekaa naye nyumba moja, anakusalimu. Anapika vizuri ila anaimba anapopika, na sijui lipi linanichosha zaidi, joto la kazini au sauti yake.

Huku nako ni ukame. Ziwa limeshuka, na umeme wetu unatoka kwenye maporomoko ya mto wa ziwa hilo. Umeme ukipungua, masufuria yetu ya kuyeyushia alumini yanaanza kuganda. Kila moja lina ukubwa wa chumba chako cha maabara, na likiganda ni jiwe, tunalivunja kwa nyundo wiki nzima. Kwa hiyo tunazunguka zamu baada ya zamu kulibembeleza lisilale. Saa ya mkononi nimeacha kuvaa, maana ukikaribia masufuria, sumaku ya umeme ule inaisimamisha. Nimezoea kutojua ni saa ngapi.

Kwa darasa lako, waeleze hivi. Madini ya bati na ya alumini ni metali iliyoshikana na oksijeni. Bati halina ugomvi: ukilitia tanurini pamoja na mkaa, mkaa unaichukua oksijeni na bati linatiririka. Ndiyo maana babu zetu waliliweza kwa mavukuto na kuni. Alumini haikubali. Imeing'ang'ania oksijeni yake, na mkaa peke yake hauiachanishi hata uchochee moto mwaka mzima. Lazima uiyeyushe ndani ya chumvi yake maalumu, uipitishie umeme, anodi huku na kathodi kule, na hapo ndipo inapoachia kwa shingo upande. Hiyo ndiyo elektrolisisi, na ndiyo inayokula umeme wa ziwa zima. Wanafunzi wakikuuliza kwa nini sufuria la alumini ni jepesi hivyo ilhali limetoka kwa taabu hivyo, waambie mjomba wako naye hajapata jibu.

Baba yako aifunike mizizi ya mipilipili yake kwa majani makavu, na asiipe mbolea kabla ya mvua.

Kuhusu yale maji, achana nayo. Mwambie Mustar wachimbe visima viende chini zaidi.

Misda ni jina zuri. Miezi saba ni umri mzuri, mshike sana.

Mjomba wako,
Rozali


Air Gelam
14 Septemba 1997

Mjomba,

Ahsante kwa barua, na pole kwa masufuria na pole zaidi kwa nyimbo za Togar. Huku moshi wa misitu inayoungua umetufunika. Jua linaonekana jekundu tangu asubuhi, ndege haziji, na tarishi anasema barua zote zinapita kwa meli. Misda anakohoa kidogo. Mama bado anasema ni godoro.

Darasa lilikwenda vizuri sana. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, kumbe alumini ni kama mtu asiyetaka kusema!" Darasa zima likacheka. Mimi nilicheka nikimfikiria mtu mmoja wa Kuala Rambai. Mjomba, wewe ndiye alumini. Nimekuuliza swali la mstari mmoja, umenipa ziwa, umenipa anodi, umenipa na mbolea ya pilipili, na mwisho "achana nayo." Niachane nayo kwa nini? Mimi si mtoto. Nimechoka na watu wa ukoo huu wanaokufa ganzi miguu kila wanapoulizwa kitu.

Visima vimechimbwa vikafika mwamba. Kilichobaki ni kimoja tu kule chini, na foleni yake haisogei. Jana nilisimama nyuma ya Mama, nikasikia:

"Wewe, hiyo ni ndoo ya tatu!"

"Ya pili!"

"Ya pili ya leo, au ya pili tangu nimefika mimi?"

"Basi njoo uchote wewe nikuhesabie, mama wa kuhesabu."

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na nguvu. Nilipomgusa Mama bega nikakuta amesinzia, amesimama wima na ndoo mkononi. Ana miaka hamsini na nne, Mjomba. Shule iko mita mia mbili tu kutoka kwenye shimo lililojaa maji meupe.

Kwa hiyo nimeendelea. Mzee Mustar ameshaleta gunia la shabu, na tumeyatoa yale mapipa ya mabati yenye zinki kwenye stoo ya shule, yale yale ya wakati wako. Na kwa kuwa desturi ni desturi, nyumba ya aliyeleta jambo ndiyo itakayoonja kwanza. Nilidhani ni mimi na Mama. Mzee Mustar akasema, "Wote, na mtoto. Watu wakimwona mtoto mchanga amekunywa, nani tena ataogopa?" Amesema hata wewe ulifanya hivyo. Nimekubali. Misda atapewa kijiko cha kwanza mbele ya watu, na uji wake wa siku hiyo utapikwa kwa maji hayo.

Usiponijibu nitakisia kipimo mwenyewe. Nitatia vijiko viwili.

Naini


Air Gelam
30 Septemba 1997

Mjomba,

Salamu. Sijui kama barua yangu imefika, au imefika na wewe umepata kazi nyingine ya kufanya.

Bibi amemchukua Misda. Anashinda naye kwake tangu asubuhi mpaka jioni, na kila nikienda kumchukua ananiambia mtoto hajashiba. Nilimuuliza waziwazi, "Bibi, maji ya shimo yana nini?" Akatema tambuu, akajifuta, akasema, "Muulize aliyetia mkono." 

Kuna mambo mawili yananisumbua. La kwanza, nilipindua pipa moja nilioshe. Nje bado lina ile rangi ya zinki, ndani halina kabisa, ni chuma kitupu chenye kutu, tena chenye vijishimo kama kimeliwa na panya. La pili ni dogo. Nilimfulia Misda aproni yenye doa la mchuzi wa bizari ya manjano. Kwa maji ya kisima na sabuni, doa hugeuka jekundu kabla halijatoka, kila mwanamke analijua hilo. Juzi niliifua kwa maji ya shimo ili kubana maji. Sabuni haikutoa povu na doa lilibaki njano vile vile.

Mimi ni mwalimu wa kemia, Mjomba, najua manjano huwa nyekundu ikikutana na nini, na najua ni nini kinachoizuia. Ila nataka uniambie wewe.

Nilikuwa na miaka tisa mwaka ule. Nakumbuka kitanda cha Wardah, binti yako, kikitolewa nje. Walituambia ni homa. Wardah alikufa kwa nini?

Naini


Kuala Rambai
4 Oktoba 1997

Naini,

Usitie shabu kwenye maji ya shimo. Hata kijiko kimoja. Usimpe Misda maji yale. Kama umesimama, ishia hapa, nenda kwa Mustar sasa hivi. Barua yako ya tarehe 14 imenifikia jana saa nane, na kabla ya saa tisa nilikuwa posta nimetuma telegramu. Karani ameniambia hajui itafika lini. Barua hii nampa mpwa wa Togar, anapanda meli leo.

Ukishatoka kwa Mustar, kaa usome.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mtu pekee kijijini mwenye cheti cha kemia, na hakuna aliyekijua cheti hicho kuliko mimi mwenyewe. Maji ya mto ni machafu. Unatia shabu, tope linashikana, linazama, juu yanabaki maji meupe. Hilo ni kweli, endelea kulifundisha. Lakini maji ya shimo yalikuwa meupe tayari, na sikujiuliza nani aliyeyasafisha. Ni asidi. Yale mawe yenye salfa waliyoyaacha wazi wachimbaji, yakipata hewa na mvua hutoa asidi. Asidi hiyo ndiyo inayozamisha tope na ndiyo iliyomfukuza chura. Mimi nikatia shabu juu yake, na shabu ikiyeyuka inaongeza asidi nyingine. Halafu nikayahifadhi kwenye mapipa yenye zinki. Mwanafunzi wako wa kidato cha pili anajua asidi ikikutana na zinki inatokea nini: zinki inayeyuka na kuingia majini. Nilikuwa nawafundisha hilo hilo Jumatatu na Jumatano, siku zile zile kijiji kikinywa.

Mama, bibi yako, aliyaonja siku ya kwanza akatema. "Yanauma meno," akasema. "Yatie chokaa." Yeye mtungi wake alikuwa akiutia chokaa ya tambuu, ncha ya kidole, na kuyaacha maji yatulie kabla ya kuyachota. Nilicheka mbele ya watu. Nikamwambia, "Mama, hii ni sayansi, siyo uraibu." Watu wakacheka pamoja nami. Nikamkataza mke wangu asichote tena kwenye mtungi ule, nikisema maji yake yananuka tambuu. Chokaa, Naini! Ndicho kitu chenyewe hasa kilichotakiwa. Kilikuwa kwenye kopo la mama yangu, na mimi nilikuwa nikimcheka.

Wardah alikuwa na miezi kumi na mmoja. Kijiko cha kwanza nilimpa mimi, kwa mkono wangu, makawa hayajafunuliwa. Watu wakapiga makofi na yeye akapiga makofi, maana ndiyo kwanza alikuwa amejifunza. Baada ya wiki sita hakuwapo. Alitapika, akapungua, akaacha kulia, na kule kuacha kulia ndiko kulikoniogopesha. Watoto wengine waliumwa matumbo pia, wakapona. Zahanati waliandika homa, na homa kweli ilikuwapo mwezi ule. Kwa hiyo ukiniuliza kama ni maji yaliyomuua, sijui. Yalipokuwapo sikuyapima, na mvua iliponyesha hapakuwa na cha kupima. Niliyapindua mapipa, nikaona ndani zinki imeliwa yote, nikayarudisha stoo nikafunga mlango. Sijui, na sitajua, na nimechoka kutojua.

Mke wangu alirudi kwao bila kuniuliza kitu. Kijiji nacho hakikuuliza. Baada ya arubaini waliniletea sinia la kunishukuru kwa yale maji. Laiti wangenitukana ningebaki. Niliomba kuacha kazi nikaja huku, ambako kazi ni moto na umeme na hakuna mtu anayenywa ninachokitengeneza.

Miaka kumi na tano nilidhani kunyamaza ni adhabu yangu mwenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini safari hii kingemuumbua mtoto wako.

Ikufikie mapema, Mungu wangu, barua hii.

Rozali


Air Gelam
24 Oktoba 1997

Mjomba,

Misda mzima. Hakunywa. Naanza na hilo, salamu zitafuata.

Salamu sasa. Baba mzima, mipilipili imekufa nusu, hiyo nusu nyingine ni ile aliyoifunika majani kama ulivyosema. Sahril amerudi likizo. Mama jana amekubali kwamba ni mgongo.

Telegramu yako ilikaa siku kumi na tatu kwenye droo ya ofisi ya tarafa, tarishi alikuwa mgonjwa kwa moshi. Imefika Jumamosi tarehe 18. Barua imefika Jumatatu. Zote mbili baada ya Ijumaa yenyewe. Nimeisoma barua yako mara moja tu, Mjomba, na sidhani kama nitaweza mara ya pili.

Nilikuambia naijua manjano. Alhamisi baada ya vipindi nilikwenda kwa Bibi kumwomba kopo lake la chokaa. Sikumweleza kitu. Alinipa.

Ijumaa watu walitoka msikitini, masinia yakapangwa uwanjani, mapipa yamejazwa. Mbele ya watu nikaweka bilauri tatu: maji ya kisima, maji ya shimo, na maji ya shimo yenye shabu ya Mzee Mustar. Kila moja nikatia manjano. Mzee Mustar akasema, "Mwalimu, tumekuja kunywa au kupika mchuzi? Lete na nanasi basi." Wakacheka sana.

Nikawaambia watazame. Nikachukua chokaa kwa ncha ya kijiti nikatia ya kisima. Ncha moja, ikawa nyekundu. Ya shimo ilitaka ncha tano. Ile yenye shabu wanafunzi wangu waliihesabu kwa sauti, sita, saba, nane, na kufikia tisa hakuna tena aliyekuwa akicheka. Ilikuwa nyekundu kwenye ya kumi na moja.

"Chokaa inapigana na asidi, na manjano haiwi nyekundu mpaka asidi iishe," nikawaambia. "Kila ncha mliyoihesabu ni asidi iliyokuwa inakwenda matumboni mwenu. Kwa shabu tunaizidisha." Nikalipindua lile pipa waone ndani.

Mzee Mustar akalitazama muda mrefu, na utani ulikuwa umemtoka. Akaniuliza polepole, "Sasa mwaka ule, mwalimu, tulikunywa nini?"

Mjomba, nilitaka kukukinga. Nilikuwa na uongo tayari ulimini, kwamba shabu ya zamani ilikuwa ya aina nyingine. Nilimwona Mama ananitazama nikajua anautaka ule uongo kama ninavyoutaka mimi. Lakini Misda alikuwa mgongoni mwangu, na kijiko kilikuwa mezani. Nikasema, "Tulikunywa asidi. Mjomba wangu alikosea. Na mimi nilishakubali kukosea vile vile, mpaka juzi."

Mzee Jalil, ambaye wanawe watatu waliumwa mwaka ule, akachukua sinia lake na kawa lake akaondoka. Mpaka leo hajanisalimia, wala simlaumu.

Kisha Bibi akasimama. Unajua hasimami mbele ya watu. Akasema, "Msimtaje Rozali peke yake. Mimi ulimi wangu ulijua. Nilisema mara moja, nikachekwa, nikanuna. Nilikwenda kukaa na mtungi wangu nikasema, wataona. Mjukuu wangu alikuwa anatapika nyumba ya pili na mimi nimenuna. Chokaa ilikuwa kiganjani mwangu." Akakaa. Mama alikwenda akamshika, na walilia wote wawili, mimi nikasimama pale na kijiti mkononi sijui pa kukiweka.

Hicho ndicho kilichomtoa msikitini siku ya Maulidi. Nilidhani amekukasirikia wewe.

Chakula kililiwa, maana kilishapikwa, lakini hakuna aliyeomba kuongezewa. Sasa maji ya shimo tunayatia chokaa kwenye matangi ya saruji, tunayaacha yatulie, tope la kahawia linazama, na tunayatumia kufulia na kuogea tu. Ya kunywa ni foleni ya kisima, na wenye watoto wachanga wanatangulizwa bila kuhesabiwa ndoo. Mapipa Mzee Mustar ameyatoboa matundu kwa nyundo, yeye mwenyewe, ili asiyatumie mtu mwingine.

Nilimuuliza Bibi nikuandikie nini kutoka kwake. Alitafuna kwanza. Kisha akasema, "Mwambie mtungi uko pale pale."

Naini


Kuala Rambai
16 Novemba 1997

Mpwa wangu,

Salamu kwa Hapsah dada yangu na mgongo wake, kwa shemeji na nusu ya mipilipili yake, kwa Sahril, na kwa Misda, ambaye nimemtaja kila siku tangu tarehe nne ya mwezi uliopita bila kujua namtaja mzima au la. Barua yako ilinikuta kazini. Togar ananiambia niliketi chini sakafuni karibu na sufuria mpaka msimamizi akadhani joto limeniangusha.

Mvua imeanza huku. Ziwa halijapanda, lakini watu wanalitazama vizuri zaidi. Tumepoteza masufuria matatu.

Ulifanya sawa kunitaja. Niliisoma sehemu ile nikingoja nione uchungu, nikaona usingizi. Nililala siku ile kama sijalala miaka. Yale ya Mama sikuyajua. Miaka yote hii niliona aibu kumkabili kwa sababu nilimcheka. Sikujua kwamba naye alikuwa ananiogopa.

Nimeomba likizo na wamenipa wiki tatu. Meli inafika tarehe 6 Desemba, Jumamosi. Msije bandarini, nitakuja mwenyewe taratibu na magoti yangu. Nitapitia kwanza kwa Mzee Jalil, kabla sijavua viatu nyumbani. Asiponifungulia nitakaa barazani kwake. Halafu nitakwenda makaburini, na hapo naomba tuwe wawili, mimi na Mama.

Hapsah najua atataka kuchinja kuku na kuwasha moto mkubwa. Mkataze. Naye Mama mwambie asinipikie kitu. Anichotee maji tu, ya mtungi wake.

Rozali